UZI: Sheria ya India ilikotoka, ilivyojengwa, na kwa nini mahakama zetu bado zinaisoma

#1 Mwanakesi

Wakuu, habari za jioni.

Juzi nilikuwa mahakamani kwenye kesi ya madai. Ugomvi ni wa mashine ya kukoboa mpunga: mteja wangu alilipa, mashine ikaletwa, ikakoboa siku nne ikagoma. Sasa wanabishania fidia. Wakili wa upande wa pili akasimama na hukumu tatu mkononi, zote za India. Tulipotoka mzee wangu akanishika mkono pale kwenye ngazi: "Mwanangu, mashine nimenunua Mwanza, pesa nimetoa hapahapa. India wameingiaje?" Nilimjibu juu juu kwa sababu kesi nyingine ilikuwa inaitwa. Jibu lile halikumridhisha, na mimi halikuniridhisha. Nimeona niliandike lote hapa taratibu, na wenye kujua zaidi mnisahihishe.

Tuanze na kitu cha kushika mkononi. Kifungu cha 10 cha Sheria ya Mikataba ya kwetu, Sura ya 345, kinasema makubaliano yote ni mikataba yakifanywa kwa hiari ya watu wenye uwezo kisheria wa kuingia mkataba, kwa malipo halali na kwa lengo halali. Sasa fungua Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, nenda kifungu cha 10. Maneno ni yaleyale na namba ni ileile. Kifungu cha 73, cha fidia kwa aliyevunjiwa mkataba, ndicho tunachogombania na mzee wangu. Nenda kifungu cha 73 cha India, utakikuta kinakusubiri.

Haikuokotwa njiani. Waingereza walipochukua Tanganyika kutoka kwa Wajerumani, mwaka 1920 walituletea sheria za India zikiwa zimeshaandikwa, zimeshajaribiwa, zimeshazoeleka kwa maofisa wao. Kenya na Uganda zilikuwa zimetangulia, Zanzibar ndiyo ya kale kabisa: mwishoni mwa karne ya 19 rufaa kutoka mahakama ya konseli wa Kiingereza kisiwani zilikuwa zinavuka bahari kwenda Mahakama Kuu ya Bombay. Jahazi za Kaskazi zilileta nguo na mbegu, meli za posta zikaleta vitabu vya sheria.

Kwa hiyo ukitaka kujua sheria yetu ya mikataba au ya ushahidi ilizaliwa wapi, usianzie London. Anzia Kolkata, ambayo wakati huo ilikuwa Calcutta.

Mwaka 1765 mfalme wa Mughal, Shah Alam II, aliipa Kampuni ya Kiingereza ya Mashariki ya India haki ya kukusanya kodi Bengal, Bihar na Orissa. Tafakarini hilo: kampuni ya wafanyabiashara ikawa mtoza kodi, na mtoza kodi akawa hakimu. Mwaka 1772 Warren Hastings, gavana wa Kampuni, akapanga mahakama: Mwislamu ahukumiwe kwa Kurani na Mhindu kwa vitabu vyake vya shastra katika ndoa, mirathi na mambo ya dini. Majaji wa Kiingereza hawakujua kimoja wala kingine, ikabidi waketi na maulana na pandit pembeni wakiwaambia sheria inasemaje.

Mwaka 1774 ikafunguliwa Mahakama Kuu ya Mfalme palepale Calcutta, na hapo ndipo nilipopata uchungu wa habari hii. Mtu mmoja mashuhuri wa Bengal, Nandakumar, alimshtaki Hastings kwamba amekula rushwa. Haukupita muda, Nandakumar mwenyewe akashtakiwa kwa kughushi hati. Kughushi hakukuwa kosa la kunyonga Bengal. Lakini kulikuwa na sheria ya Uingereza ya mwaka 1728 iliyosema mwenye kughushi anyongwe, na Jaji Mkuu Elijah Impey akasema inatumika. Agosti 5, 1775 wakamnyonga. Mtu kafa kwa sheria iliyotungwa ng'ambo, kwa lugha asiyoisoma, kabla watu wake hawajaisikia. Kila ninapomwona mshtakiwa kizimbani anamtazama karani amfafanulie kilichosemwa, namkumbuka Nandakumar.

Mchanganyiko ule haukuweza kudumu. Kila mji ulikuwa na kanuni zake: sheria ya Kiislamu ya jinai iliyotiwa viraka na Kampuni, kanuni za Bengal, za Bombay, za Madras. Mwaka 1835 wakamkabidhi Thomas Macaulay tume ya sheria, na mwaka 1837 akatoa rasimu ya Kanuni ya Adhabu. Ikalala kwenye makabati zaidi ya miaka 20. Yakatokea maasi makubwa ya 1857, mwaka uliofuata Kampuni ikanyang'anywa utawala na Taji la Uingereza, ndipo rasimu ikakumbukwa. Ikapitishwa 1860, ikaanza kutumika Januari 1, 1862, vifungu 511. Miaka 10 baadaye zikaja sheria mbili zinazotuhusu zaidi: ya Ushahidi, iliyoandikwa na James Fitzjames Stephen, na ya Mikataba, zote za 1872. Kanuni ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai tuliyoiga sisi ni ile ya 1908.

Uingereza wenyewe hawana kanuni ya adhabu ya namna hiyo mpaka leo. Kule sheria imetapakaa kwenye hukumu za karne na karne. Kilichoandikwa kwa vifungu, kwa mpangilio, hakimu wa wilayani akibebe kwenye sanduku lake, kilitengenezwa kwa ajili ya makoloni. Na ndiyo maana kilisafirishika.

Nitaendelea na muundo wa sasa. Kwanza niwasikie.

#2 Ngosha wa Magu

Mkuu, somo limeingia. Ila nisaidie: India ina Rais na ina Waziri Mkuu. Nani mwenye nchi? Na hizo sheria za mkoloni bado wanazo baada ya uhuru?

#3 Nasieku

Mwanakesi, umeandika vizuri. Niongeze kitu kabla watu hawajachukua kwamba sheria zetu ZOTE zilitoka India.

Kanuni yetu ya Adhabu, Sura ya 16, haikutoka huko. Ile ya India ya 1860 tuliitumia miaka 10 tu, tangu 1920. Mwaka 1930 ikaondolewa, ikaletwa nyingine ambayo ukoo wake ni Queensland, Australia: aliyeiandika ni Samuel Griffith, ikapitishwa 1899, ikapitia Nigeria na Cyprus ndipo ikafika kwetu. Kenya na Uganda nao walipewa hiyohiyo mwaka huo. Walowezi wa Kenya walikuwa wamelalamika miaka mingi kwamba hawataki kuhukumiwa kwa sheria ya India.

Njia rahisi ya kuona tofauti: India kuua kwa kukusudia kulikuwa kifungu cha 302. Kwetu ni 196. Ukoo tofauti, namba tofauti. Kwa hiyo wakili akikuletea hukumu ya India kwenye kesi ya mauaji usiikubali kwa urahisi kama unavyoikubali kwenye mkataba. Mwangalie usoni umuulize maneno ya kifungu chao yanafanana na chetu?

#4 Mwanakesi

Dada Nasieku, asante sana. Hilo nililiruka na halikupaswa kurukwa.

Ndugu Ngosha, swali lako ndilo nililokuwa naliendea. Nianze na la pili.

India ilipata uhuru Agosti 15, 1947. Bunge la Katiba lilikuwa limeshaanza kukaa tangu Desemba 9, 1946. Kamati ya uandishi iliongozwa na B. R. Ambedkar, mtu aliyezaliwa katika tabaka lililoitwa halifai kuguswa, akasoma mpaka New York na London, akarudi na shahada ambazo wengi wa waliombagua hawakuwa nazo. Katiba ikapitishwa Novemba 26, 1949 na kuanza kutumika Januari 26, 1950, ikiwa na ibara 395. Nakala ya kwanza haikupigwa chapa. Iliandikwa kwa mkono, kwa kalamu ya nibu, na Prem Behari Narain Raizada, na kurasa zikachorwa na Nandalal Bose na wanafunzi wake wa Santiniketan. Hadi leo imehifadhiwa bungeni ndani ya sanduku lenye gesi ya naitrojeni ili karatasi isioze.

Sehemu kubwa ya Katiba hiyo ilichukuliwa kutoka Sheria ya Serikali ya India ya 1935, ya mkoloni. Hilo halinisumbui. Kinachonigusa ni ibara mbili. Ibara ya 372 inasema sheria zilizokuwepo zitaendelea. Ibara ya 13 inasema sheria yoyote, hata ile iliyokuwepo, ikigongana na haki za msingi ni batili kwa kiasi inachogongana. Ziwekeni pamoja. Sheria za Macaulay na Stephen hazikuchomwa moto, lakini tangu siku ya kwanza ziliwekewa bosi juu yao. Na ibara ya 32 ikampa mwananchi njia ya kwenda moja kwa moja Mahakama ya Juu haki yake ikivunjwa. Ambedkar aliiita hiyo roho na moyo wa Katiba yote.

Mfano: kosa la uzinzi la kifungu cha 497 cha mwaka 1860, lililomfanya mke kama mali ya mumewe. Septemba 2018 Mahakama ya Juu ilikifuta kwa kukipima na Katiba.

Sisi tulipopata uhuru mwaka 1961 katiba yetu haikuwa na sura ya haki za binadamu. Iliingizwa 1984 na ikaanza kudaiwa mahakamani mwaka 1988. Miaka 27 sheria za mkoloni zilitembea bila kipimo hicho. Nalisema kwa masikitiko ya kweli, maana majaji wetu wa miaka ile hawakukosa akili wala moyo, walikosa ibara ya kusimamia.

Sasa Rais na Waziri Mkuu. India ni mfumo wa Bunge kwelikweli. Rais ni mkuu wa nchi, anachaguliwa na wabunge wa taifa na wa majimbo, anafanya kazi kwa ushauri wa mawaziri. Bunge lina nyumba mbili: Lok Sabha, viti 543 vya kuchaguliwa na wananchi, na Rajya Sabha ya majimbo. Serikali ni ya Waziri Mkuu, na ibara ya 75 inasema baraza la mawaziri linawajibika kwa pamoja mbele ya Lok Sabha. Maana yake ni hii: Aprili 17, 1999 Waziri Mkuu Atal Bihari Vajpayee aliomba kura ya imani. Akapata 269, waliomkataa 270. Kura moja. Serikali ikaanguka siku hiyo, bila askari, bila mtu kuvunja kioo.

Mahakama zao zimepangwa kwa mnyororo mmoja ingawa nchi ni ya majimbo. Marekani kila jimbo lina mahakama zake na taifa lina zake. India hapana: hakimu wa wilayani anasikiliza kesi ya sheria ya jimbo na ya sheria ya taifa, rufaa inapanda Mahakama Kuu ya jimbo (ziko 25), kisha Mahakama ya Juu, New Delhi, yenye nafasi za majaji 34.

#5 Mtu wa Kisauni

Assalaam aleikum nyote. Mimi niko Mombasa, na haya yanatuhusu sana huku.

Ardhi yetu ya pwani ilisumbuka na sheria ya India ya Uhamishaji wa Mali ya 1882 mpaka juzijuzi. Kenya iliifuta mwaka 2012. Nilikuwa naandikiwa rehani ya nyumba na wakili akanitajia sheria ya India, nikadhani amekosea. Nikamwambia, bwana, nyumba iko Kisauni! Akanionyesha. Ilikuwa kweli.

Lakini nataka kuuliza la Katiba. Kwenye kesi ya BBI, ule mpango wa kubadili Katiba ya Kenya, majaji wetu walitaja India kila siku: muundo wa msingi, muundo wa msingi. Hilo jambo lilianzaje?

#6 Mwanakesi

Waaleikum salaam ndugu yangu. Nilikuwa naomba mtu aulize hilo.

Kerala, kusini mwa India, kuna nyumba ya watawa wa Kihindu, Edneer, wilaya ya Kasaragod. Mkuu wake alikuwa Swami Kesavananda Bharati. Serikali ya jimbo ikapitisha sheria za mageuzi ya ardhi zilizoigusa ardhi ya nyumba hiyo, akaenda mahakamani. Wakili wake mkubwa alikuwa Nani Palkhivala. Kesi ilipokuwa inaendelea, Bunge likawa limebadili Katiba ili sheria za namna ile zisiguswe na majaji. Swali likakua likaacha ardhi: je, Bunge lenye theluthi mbili linaweza kubadili Katiba vyovyote linavyotaka, hata kuifuta?

Walikaa majaji 13, jopo kubwa kuliko yote katika historia ya mahakama ile. Walisikiliza siku 68. Hukumu ikatoka Aprili 24, 1973, saba kwa sita: Bunge linaweza kubadili ibara yoyote, ila haliwezi kuharibu muundo wa msingi wa Katiba. Swami mwenyewe hakupata ardhi aliyoitaka. Jina lake ndilo lililobaki, likafika Nairobi na Dar es Salaam.

Hukumu hiyo ililipiwa. Siku zilezile serikali ya Waziri Mkuu Indira Gandhi ikawaruka majaji watatu waliokuwa kwenye foleni ya ukuu na kumteua A. N. Ray, aliyekuwa upande wa serikali katika ile kesi, kuwa Jaji Mkuu. Watatu wale wakajiuzulu. Juni 12, 1975 Jaji Jagmohanlal Sinha wa Mahakama Kuu ya Allahabad akabatilisha ubunge wa Waziri Mkuu mwenyewe kwa makosa ya uchaguzi. Usiku wa Juni 25 ikatangazwa hali ya hatari.

Wapinzani wakawekwa ndani bila mashtaka. Ndugu zao wakaenda mahakama kuu za majimbo kuomba waletwe mbele ya jaji, na mahakama kadhaa zikakubali. Serikali ikakata rufaa. Aprili 28, 1976 Mahakama ya Juu ikaamua, wanne kwa mmoja, kwamba wakati wa hali ya hatari mtu hana pa kulalamikia kukamatwa kwake. Mmoja aliyekataa ni Jaji H. R. Khanna. Alijua atakachopoteza, na alikipoteza: Januari 1977 ilipofika zamu yake ya kuwa Jaji Mkuu wakamruka, naye akajiuzulu.

Mwaka 2017 majaji tisa waliamua kwamba faragha ni haki ya msingi, na katika kesi hiyo wakaitupa hukumu ya 1976. Aliyeandika maneno ya kuitupa ni Jaji D. Y. Chandrachud. Mmoja wa wale wanne wa 1976 alikuwa Y. V. Chandrachud, baba yake mzazi. Nilisoma kurasa hizo usiku mmoja umeme umekatika, kwa mwanga wa simu, na nilipofika pale nilisimama kwanza.

Huku kwetu: Mahakama Kuu ya Tanzania iliitumia hoja ya muundo wa msingi mwaka 2006 katika kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila ya mgombea binafsi. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikatengua, ikasema jambo hilo ni la Bunge. Kwenu Kenya, ndugu wa Kisauni, Mahakama Kuu ilikubali Mei 2021, Mahakama ya Rufaa ikakubali Agosti mwaka huo, na Mahakama ya Juu ikakataa Machi 31, 2022. Hoja imetembea Afrika Mashariki yote na bado haijapata kiti.

#7 Kibaha Mpole

Mkuu, naheshimu maandishi yako lakini unaipamba India. Kuna kesi zaidi ya milioni 50 zimelala mahakamani kule. Watu wanarithi kesi kama shamba. Na majaji wanateuana wenyewe kwa wenyewe. Huo ndio mfumo wa kutufundisha?

#8 Mwanakesi

Hoja zako zote mbili ni za kweli, ndugu Kibaha, na sitazikwepa.

Mlundikano ni aibu yao kubwa. Mwaka 1979 gazeti liliandika habari za mahabusu wa Bihar waliokaa jela wakisubiri kesi muda mrefu kuliko adhabu ambayo wangepewa kama wangepatikana na hatia. Wakili Pushpa Kapila Hingorani akaipeleka Mahakama ya Juu, ikaitwa kesi ya Hussainara Khatoon, jina la mmoja wa wale mahabusu, na mahakama ikasema kesi kuamuliwa kwa wakati ni sehemu ya haki ya kuishi huru. Hapo ndipo mlango wa kesi za maslahi ya umma ulipofunguka: mtu anaweza kumsemea asiyeweza kufika. Lakini ndiyo, haki ilitangazwa na foleni ikabaki.

Uteuzi pia. Tangu 1993 jopo la majaji wakuu ndilo linalopendekeza majaji wapya. Mwaka 2014 Bunge liliunda tume ya uteuzi, na Oktoba 2015 Mahakama ya Juu ikaifuta. Mimi binafsi naona walikosea kiasi: uhuru wa jaji ni kitu kimoja, kujichagua gizani ni kingine. Ila ukikumbuka 1973 na 1977 unaelewa hofu yao ilitoka wapi.

Sikuja kusema tuwaige. Nimekuja kusema tuwasome tukijua wamesimama juu ya nini. Ukikuta hukumu ya India, uliza kwanza: jaji huyu amesimama juu ya kifungu cha 1872 au juu ya Katiba ya 1950? Akiwa juu ya kifungu cha 1872 tulichonacho na sisi, anaongea na nyumba yetu. Akiwa juu ya Katiba yao, twende taratibu, maana msingi wetu ni mwingine.

Na hata kwenye 1872 kuna mtego. Nausema huu kwa uchungu kwa sababu ni maisha ya watu. India, kifungu cha 25 cha Sheria ya Ushahidi: kukiri kosa mbele ya ofisa wa polisi hakutatumika dhidi ya mshtakiwa. Basi. Stephen, mkoloni, alijua polisi wake wanavyopata maungamo. Sheria yetu ya Ushahidi ya 1967 ni mtoto wa ile, lakini fungua kifungu cha 27: kukiri kwa hiari mbele ya ofisa wa polisi kunaweza kutumika. Neno zima limekaa kwenye "kwa hiari". Ndiyo maana kwetu maelezo ya onyo, yaani yale mshtakiwa aliyoandikwa polisi, yakipingwa inabidi iendeshwe kesi ndogo ndani ya kesi, mshtakiwa avue shati aonyeshe mgongo, askari aseme alianguka. Nimeyaona hayo kwa macho yangu. Wakili kijana akichukua hukumu ya India juu ya maungamo akaisoma kama yetu, anaweza kumfunga mteja wake.

#9 Mtu wa Kisauni

Na Kenya tulipita katikati. Kifungu chetu cha 25A kinataka maungamo yafanywe mbele ya jaji, hakimu, au ofisa wa polisi mwenye cheo ambaye siye mpelelezi wa kesi hiyo, na awepo mtu mwingine aliyechaguliwa na mshtakiwa. Mama mmoja, watoto watatu, kila mmoja na tabia yake.

#10 Bi Masijala

Wanangu, nimesoma tangu mwanzo. Nilifanya kazi masijala ya mahakama miaka mingi, sasa nimestaafu.

Hizo hukumu za India nilizibeba kwa mikono hii. Vitabu vya All India Reporter, vizito, jalada la ngozi limechakaa kwenye mgongo, vumbi lake linawasha pua. Jaji akituma karatasi yenye mwaka na ukurasa, napanda ngazi ya mbao kushusha. Kurasa nyingine zilishikana kwa joto, unazitenganisha na rula polepole zisichanike. Pembeni kulikuwa na maandishi ya penseli ya majaji waliopita, mmoja anaandika "ndiyo", mwingine chini yake anaandika "siyo kwetu". Niliyaona kwa miaka, sikujua wanabishana nini. Leo Mwanakesi na Nasieku mmenifahamisha.

Swali langu: mmesema Waislamu na Wahindu walitenganishwa tangu 1772. Je, mpaka leo?

#11 Nasieku

Shikamoo mama. Mpaka leo, kwa sehemu kubwa. Waislamu wana sheria ya mwaka 1937 inayosema sharia itumike kwenye ndoa na mirathi yao, Wahindu wana sheria zao za 1955 na 1956, Wakristo na Waparsi wana zao. Goa ilibaki na kanuni ya Mreno ya 1867 kwa watu wote. Ibara ya 44 inaitaka serikali ijitahidi kuleta sheria moja, na jimbo la Uttarakhand lilipitisha yake 2024, lakini ugomvi bado ni mkubwa. Sisi mwaka 1971 tuliziweka ndoa zote chini ya sheria moja, ya Kiislamu, ya Kikristo, ya kimila na ya bomani. Hapo tuliwatangulia. Mirathi ndiyo iliyotushinda.

#12 Ngosha wa Magu

Swali la mwisho kwangu. Nimesikia India wamefuta sheria zote za mkoloni?

#13 Mwanakesi

Marahaba haistahili kwangu, Bi Masijala, nami nasema shikamoo. Hilo la "siyo kwetu" kwa penseli limenikaa.

Ngosha, siyo zote. Julai 1, 2024 zilianza kutumika tatu mpya: Bharatiya Nyaya Sanhita badala ya Kanuni ya Adhabu ya 1860, nyingine ya mwenendo wa jinai, na ya tatu ya ushahidi. Vifungu 511 vimekuwa 358. Kuua, iliyokuwa 302, sasa ni 103. Maneno mengi ni yaleyale yamehamishwa chumba, na katazo la maungamo ya polisi limebaki. Sheria ya Mikataba ya 1872 haikuguswa.

Kwa hiyo tumefika mahali ambapo Stephen amefutwa Delhi lakini bado anasomwa Mwanza, maana ushahidi wetu bado unatembea kwa mpangilio wake. Hukumu mpya za India zitakuja na namba tusizozijua, na itabidi mtu akae chini apange jedwali: kifungu hiki cha zamani, hiki kipya, hiki chetu. Mimi nimeanza na ushahidi. Atakayenisaidia anitumie ujumbe.

#14 Nasieku

Nipo. Nipe kuanzia maungamo mpaka mashahidi wataalamu.

#15 Mwanakesi

Mrejesho, wakuu. Leo nimekutana na mzee wangu kabla ya kesi, nikamweleza yote, Calcutta mpaka Dar es Salaam, kama nusu saa tukiwa kwenye benchi. Alisikiliza bila kunikatiza. Mwisho akauliza: "Katika zile hukumu tatu alizoleta yule wakili, nani alishinda, mnunuzi au muuzaji?" Nikamwambia nimezisoma zote kurasa kwa kurasa. Mbili alishinda mnunuzi, wakili alinukuu aya ya katikati tu. Akasema, "Basi kifungu ni kimoja. Wasomee mpaka mwisho."

Tumeitwa saa tano. Nimewasomea mpaka mwisho. Uamuzi umepangwa mwezi ujao.